Kiti cha Bluu

Theluji ilianguka usiku kucha, na kulipokucha
Mtaa wa Sorrel haukuwa na mipaka tena.
Baba alichimba saa mbili kulifukua gari la mama,
nami nyuma yake na sepeto la plastiki, miaka kumi na mmoja,
nikihesabu magurudumu yakijitokeza moja moja.
Mama alipoondoa gari kulisogeza gereji,
baba aliweka pale kiti cha jikoni,
kile cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya.
Pittsburgh nzima inajua maana ya kiti kwenye theluji:
hapa pana jasho la mtu. Pita.

Bi Hrabovsky wa nyumba ya pili hakupita.
Alisema barabara ni ya manispaa, jasho si hati.
Baba alisema mgongo wake una maoni mengine.
Walibishana bila matusi, kwa ile sauti
ya watu walioazimana sukari miaka tisa.
Kisha pazia lake likafungwa.
Kisha taa za bluu zikaja zinapaka theluji rangi.

Afisa alikuwa kijana, pua imemwiva kwa baridi.
Alivua glavu moja tu.
"Kitambulisho," akamwambia baba.

Mkono wa baba ukaanza safari ya mfukoni,
polepole, vidole vimetanuka,
kama wa mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali.
Mama akatoka, kilemba cha kulalia kichwani,
viatu vya baba miguuni.

"Subiri, Alonzo. Afisa, ana kosa gani?"
"Ni kitambulisho tu, mama."
"Kama ni tu, kinaweza kungoja.
Amekamatwa, au yuko huru kuingia ndani?"
"Kuna malalamiko."
"Malalamiko ni ya kiti. Kihoji kiti."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.
Mkono usio na glavu ulishuka kiunoni,
na mpaka leo sijui ulitafuta redio,
au joto, au kile kingine.

Baba, bila kugeuka: "Ernestine. Mtoto yupo."
Mama: "Najua yupo. Anaona."

Kadi ikatoka. Afisa akaandika jina letu,
akakosea herufi, hakuna aliyemsahihisha.
Bi Hrabovsky alisimama mlangoni kwake na kikombe,
na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.
Kiti kiliondoka kwenye buti la polisi.
Ushahidi, walisema.

Jikoni kwetu viti vilikuwa vitatu, sasa viwili.
Baba alikula amesimama.
"Mwenye nguvu mpishe," alisema na wali mdomoni.
"Ukimpisha kila siku njia yote inakuwa yake."
"Bora njia iwe yake kuliko kaburi kuwa langu.
Haki ni kama mwavuli, Ernestine. Ni nzuri.
Haizuii risasi."
"Na kitambulisho kinazuia?"
Baba akafungua bomba, akaosha sahani,
akaiosha tena.

Wamebishana hivyo miaka ishirini na mbili,
kwenye harusi, kwenye foleni ya hospitali,
mara nyingine kwa nyusi tu.
Mama hunifundisha sentensi: sema hivi, usiseme vile,
uliza kama uko huru kuondoka.
Baba hunifundisha mikono: iweke hapa, ionekane.
Sijawahi kupata siku ya kuwajaribu wote wawili
bila moyo kunipiga masikioni.

Theluji ile iliyeyuka Alhamisi.
Pale tulipopagombania palibaki lami na doa la oili,
na kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kuegesha.
Jumapili tulikuta kiti mlangoni,
si cha bluu, cha mahameli, chenye harufu ya nyumba yake.
Hakikuwa na barua.

Mama hajakikalia hata siku moja.
Baba hukikalia kila jioni, anasema kinamfaa mgongo.
Mimi nikienda kuwasalimu
huchelewa kuketi.